Tiketi Tatu Hadi Kalengera

Ukiandika Kalengera kwenye tovuti ya kuuza tiketi za ndege, hupati kitu. Ukiandika Goma, siku hizi unaletewa ukurasa mtupu. Kwa hiyo sisi watu wa Bwisha, mashariki mwa Kongo, tunaoishi Ulaya hupanga safari ya nyumbani kwa kuanzia mwisho. Uwanja upi wa jirani unapokea ndege, na kutoka hapo mpaka upi uko wazi wiki hii? Tukishapata majibu hayo mawili ndipo tunatazama bei.

Kalengera ni kijiji cha barabarani. Barabara ya taifa namba 2 inatoka Goma, inapanda hadi Kibumba na Rugari, inapita Rumangabo yaliko makao makuu ya Hifadhi ya Virunga, halafu inashuka kwetu kabla ya kufika Rubare na Rutshuru. Kwetu ndipo inapochepuka njia ya kwenda Tongo. Kwenye fomu za Ubelgiji huwa naandika Goma, kwa sababu karani wa manispaa hana muda wa habari za Rubare na Tongo, na kwa sababu Goma ndiko zilikokuwa ndege.

Uwanja ule umepitia mengi. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, lava ilishuka mjini ikafunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia, na kwa miaka mingi marubani walitua kwenye kipande kilichobaki. Tarehe 15 Aprili 2008 DC-9 iliyokuwa inakwenda Kisangani ilishindwa kupaa, ikaingia kwenye nyumba na maduka ya mtaa wa Birere. Tarehe 24 Novemba 2019 Dornier ndogo iliyokuwa inaelekea Beni ilianguka mara tu baada ya kuruka. Pamoja na misiba hiyo, uwanja uliendelea kutupokea. Ethiopian Airlines ilituleta kutoka Addis Ababa bila kutuzungusha Kinshasa, na Septemba 2021 Jambojet, kampuni ya bei nafuu ya Kenya, ilianza kuja kutoka Nairobi. Kwa muda mfupi mtu wa Kalengera aliweza kunywa chai Nairobi asubuhi na kula maharage kwa mama yake jioni. Mwisho wa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, na ndege za abiria zikakoma.

Mama yangu alikimbia Kalengera mwishoni mwa Oktoba 2022, vita vilipofika kwenye barabara yetu. Alilala katika kambi ya Kanyaruchinya, chini ya turubai, juu ya mawe ya lava, pamoja na maelfu ya wenzake. Mwanzoni mwa 2025, kambi zilizozunguka Goma zilipovunjwa, alirudi. Akanitumia ujumbe wa sauti: nyumba ipo, mlango hamna, migomba imechipuka tena. Aliomba miwani ya kusomea na mashine ya kupimia presha. Vitu hivyo ningeweza kumtuma mtu avipeleke, lakini nilitaka kumwona mama yangu kwa macho.

Brussels Airlines inaruka moja kwa moja kutoka Brussels hadi Kigali na Entebbe, na mwenye uwezo apande hiyo. Ni safari ya mchana mmoja. Mimi nafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee, na mshahara wangu unangojewa na watu wengi. Nikafanya kile ambacho wengi wetu tunakifahamu: nilikata safari vipandevipande. Charleroi hadi Bergamo, Italia, kwa Ryanair. Bergamo hadi Entebbe kwa Air Arabia, kwa kubadilisha ndege Sharjah. Kampala hadi Kisoro kwa basi. Nilipojumlisha, hata baada ya kulipia mizigo, ilikuwa karibu nusu ya bei ya ndege ya moja kwa moja. Nilichagua Septemba, wakati shule za Ulaya zimeshafunguliwa na bei imeshuka.

Unafuu huu una chanzo chake, na msafiri akikielewa hashangai njiani. Kampuni hizi zinapendelea kutumia ndege za aina moja, Boeing 737 kwa Ryanair na Airbus A320 kwa Air Arabia, ili mafunzo ya rubani, ufundi na vipuri viwe vilevile kila mahali. Ndege ikitua inageuzwa upesi. Ryanair hujiwekea dakika 25, kwa kuwa ndege iliyosimama haiingizi fedha. Zinatua kwenye viwanja vya pembeni vinavyotoza kidogo. Na vyote vilivyokuwa ndani ya tiketi ya zamani, begi, chakula, kiti cha dirishani, vinauzwa kimoja kimoja.

Kwa safari ya saa mbili au tatu hesabu hiyo inatoka vizuri. Kwa masafa marefu imewashinda wengi. Freddie Laker alianzisha Skytrain kati ya London na New York Septemba 1977, watu wakapanga foleni kununua tiketi, na Februari 1982 kampuni yake ikafilisika. WOW ya Iceland ilifunga milango Machi 2019. Norwegian iliziacha safari zake ndefu Januari 2021. Ndege kubwa ni ghali kununua, inakunywa mafuta mengi, na ikikaa hewani saa kumi huwezi kuigeuza mara nyingi kwa siku. Kilichowezekana ni kuukata umbali katikati: ndege nyembamba yenye ujia mmoja inaruka saa tano au sita, inatua Ghuba, na abiria wanahamia nyingine ya aina hiyohiyo. Bergamo hadi Sharjah ni zaidi ya kilomita 4,500. Sharjah hadi Entebbe ni zaidi ya 3,500. A320 inayamudu yote mawili. Ndiyo maana siwezi kulalamikia kusubiri kule Sharjah. Bila kusubiri huko, bei ile haipo, na bila bei ile mimi nisingetoka Ubelgiji mwaka huo.

Uwanja wa Charleroi unaitwa Brussels South, ingawa kutoka Brussels ni karibu saa nzima kwa basi. Bergamo nayo inauzwa kwa jina la Milano, na wengi wanaopita Sharjah husema walipita Dubai. Viwanja hivi vinaishi kwa kuazima jina la mji mkubwa wa jirani, na mimi ninayeandika Goma kwenye fomu zangu sioni ubaya.

Shughuli ya Charleroi ni mizani. Alfajiri ile, mbele yangu, familia moja ilikuwa imefungua valizi sakafuni. Baba anavaa koti juu ya koti, mama anahamisha maziwa ya unga kutoka begi hili kwenda lile, watoto wameshika viatu mkononi. Hakuna aliyewacheka. Kila aliyekuwa kwenye foleni alijua kuwa kilo zile ni za watu walioko kwingine, wenye majina na vipimo vya miguu. Mzigo wangu nilikuwa nimeupima nyumbani, na sikuupima kwa kipimo cha ndege ya safari ndefu. Anayeunganisha kampuni mbili hana budi kufuata ile iliyo finyu, maana kilo tano zinazoruhusiwa bure kwenye ndege ya pili zinaweza kukugharimu zaidi ya tiketi yenyewe kwenye ndege ya kwanza. Miwani na mashine ya presha nilivitia kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na karatasi zangu zote na nguo ya kubadilisha. Begi linalopita mikono ya kampuni mbili lina njia nyingi za kupotea.

Jambo lenyewe kubwa liko Bergamo, na ningependa kila anayenunua tiketi za namna hii alielewe kabla ya kulipa. Sharjah ilikuwa ndani ya tiketi yangu: Air Arabia ilinichukua Bergamo kwa ahadi ya kunifikisha Entebbe, na begi langu nalo lilikuwa na ahadi hiyo. Bergamo haikuwa ndani ya tiketi yoyote. Ryanair iliniuzia safari inayoishia pale, Air Arabia ikaniuzia inayoanzia pale, na katikati nilikuwa peke yangu. Nilichukua begi kwenye mkanda, nikatoka nje ya milango, nikaingia upya kama mtu aliyekuja kutoka mjini. Umoja wa Ulaya una kanuni nzuri ya kumlinda abiria, namba 261 ya mwaka 2004. Ndege ikichelewa sana au ikifutwa, kampuni inawajibika kukulisha, kukulaza, na mara nyingine kukulipa fidia ya euro 250 hadi 600. Lakini kanuni hiyo inaitazama tiketi, haitazami safari iliyoko kichwani mwako. Ukiwa na tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali, ya kwanza ikichelewa, ndege ya pili inaondoka, na kwa hesabu ya kampuni ya pili wewe ndiye hukutokea.

Kwa hiyo niliweka usiku mzima kati ya ndege hizo mbili. Watu wa Ulaya niliowasimulia waliona nimepoteza muda. Sisi tuliokulia kwenye barabara ya Rutshuru hatufikirii hivyo. Kwetu mtu anayetakiwa Goma Jumatatu huondoka Jumamosi, kwa sababu lori linaweza kukwama, daraja linaweza kuzibwa, na askari kwenye kizuizi anaweza kuamua kuwa leo hapiti mtu. Muda wa ziada ndiyo bima pekee niliyowahi kuiona ikilipa.

Usiku wa Bergamo sikuwa peke yangu. Uwanda wa Lombardia unalisha ng'ombe wengi wa maziwa, na kazi ya mazizi kwa kiasi kikubwa inafanywa na wahamiaji kutoka Punjab. Viwandani kuna Wabangladeshi na Wapakistani. Ndege ya Sharjah ndiyo njia yao ya kwenda Lahore na Dhaka, na wengi walikuwa wameshafika uwanjani tangu jioni kwa sababu ileile iliyonileta mimi: treni ya asubuhi haiaminiki kwa tiketi isiyorudishwa. Mzee mmoja wa Bangladesh alikuwa na masanduku yaliyofungwa kwa kamba ya bluu, kila fundo limeandikwa jina lake kwa kalamu nene. Tulizungumza kwa Kiitaliano chake na Kifaransa changu. Aliniuliza kama nina watoto, nikamwuliza kama mvua imenyesha kwao. Usiku ulipokuwa mrefu alinionyesha picha ya nyumba anayoijenga, ghorofa moja, nguzo za ghorofa ya pili zimesimama wazi zikingoja mshahara mwingine.

Asubuhi, polisi wa mpaka alifungua pasipoti yangu ya Kongo, akapekua kurasa, akaniomba kadi ya ukaaji wa Ubelgiji. Pasipoti hiyo nimekataa kuiacha. Katiba yetu ya mwaka 2006, ibara ya 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na haushirikiani na mwingine, kwa hiyo nikichukua uraia wa Ubelgiji nitalazimika kuomba viza ya kwenda kwa mama yangu. Lakini pasipoti bila ile kadi ingenifungia njia hii yote. Sheria ya viza ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009 ina orodha ya nchi 12 ambazo raia wake wanahitaji viza hata kwa kukaa tu ndani ya uwanja wa ndege wakingoja ndege nyingine, bila kukanyaga nje. Kongo imo. Imo Bangladesh, imo Pakistan. Zimo pia Nigeria, Ghana, Ethiopia, Eritrea, Somalia, Sri Lanka, Afghanistan, Iran na Iraq. Mwenye kadi ya ukaaji kama yangu, au viza ya nchi kama Marekani au Kanada, husamehewa. Mwingine aliyenunua tiketi ya bei nafuu bila kujua huzuiwa kwenye kaunta ya mwanzo, na fedha yake imekwenda.

Naliona jambo hili kuwa la dhuluma, na nalisema wazi. Wanaoandika kuhusu ndege za bei nafuu husema zimemfungulia dunia mtu wa kawaida, na kwa kijana wa Liège ni kweli, maana anachagua tiketi kwa kutazama bei peke yake. Binamu yangu wa Kalengera akitazama ukurasa uleule, tiketi zilizo rahisi zaidi ndizo zinazopita mahali asiporuhusiwa kupita. Mwenye kipato kidogo zaidi analazimika kununua njia iliyo ghali zaidi.

Air Arabia ilianza mwaka 2003, ya kwanza ya bei nafuu katika Mashariki ya Kati, na makao yake ni Sharjah. Mji huo umezoea wapita njia kwa muda mrefu kuliko wanavyodhani wengi. Mwaka 1932 Imperial Airways ya Uingereza ilifanya Sharjah kituo cha kulala kwenye njia ya London na India. Abiria walilazwa ndani ya ngome iliyojengwa kwa ajili yao, na ngome hiyo leo ni makumbusho iitwayo Al Mahatta. Njia ya kwetu ina historia yake pia. Tarehe 12 Februari 1925 Edmond Thieffry na wenzake wawili waliondoka Brussels kwa ndege kuelekea Léopoldville, Kinshasa ya leo, wakitua mji kwa mji, wakirekebisha mashine, wakingoja hali ya hewa. Walifika tarehe 3 Aprili, siku ya 51 ya safari. Niliwakumbuka katika ukumbi wa Sharjah, miaka 100 baada yao.

Ukumbi wenyewe ulijaa. Kulikuwa na watu waliolala kwenye mazulia ya chumba cha sala, watu waliokaa karibu na soketi za umeme, foleni ya wenye chupa mbele ya bomba la maji ya kunywa. Chakula ndani ya ndege kinauzwa, na cha uwanjani kina bei ya uwanjani, kwa hiyo mwenye akili alikuwa na mkate na mayai ya kuchemsha kutoka nyumbani. Mdogo wangu alijaribu kunipigia simu kwa WhatsApp, ikakatika kabla ya kuita. Katika Falme za Kiarabu simu za namna hiyo zimefungwa, ila ujumbe unapita. Tukatumiana sauti.

"Uko wapi sasa?"

"Niko Sharjah."

"Sharjah njo wapi?"

Nikamweleza. Nyuma ya sauti yake nilimsikia mama akiuliza kama nimekula.

Kwenye lango la Entebbe karibu wote walikuwa wanawake. Walivaa vizuri, kama watu wanaojua kuna macho yanawasubiri upande wa pili, na Kiganda kilienda pamoja na Kiarabu cha jikoni. Aliyekaa kando yangu alitoka Busia, upande wa Uganda, na alisema Kiswahili cha mpakani. Alikuwa amemaliza mkataba wa kazi za nyumbani.

"Dada, wewe tiketi ulinunua mwenyewe?" aliniuliza.

Nikasema ndiyo.

"Sisi tiketi ananunua bosi. Kwa hiyo siku ya kurudi pia ni yake. Mimi ilitakiwa nirudi mwezi wa sita."

Alisema hivyo bila kuinua sauti, akanimegea nusu ya chapati yake. Nilikuwa nimeshinda nikiwaza habari ya pengo kati ya tiketi na tiketi, kumbe yupo mtu ambaye tarehe yenyewe haiko mkononi mwake. Tulikaa pamoja mpaka tulipoitwa. Ndani ya ndege viti vyetu vilikuwa mbali, kwa sababu hakuna kati yetu aliyelipia kuchagua kiti.

Entebbe nilifika na begi likafika. Sitakawia hapo. Barabara mpya inakutoa uwanjani hadi Kampala upesi, na jioni basi la Kisoro liliondoka likiwa limejaa hadi kwenye ujia. Usiku tulivuka ikweta pale Kayabwe, tukapita Masaka na Mbarara, na alfajiri, baada ya Kabale, barabara ikaanza kujikunja kwenye milima. Hapo nilikataa kulala. Kanaba ndipo mahali ambapo, ukitoka upande wa Kabale, unafika kilele na ghafla unaiona Muhabura imesimama mbele yako, nyuma yake Mgahinga na Sabinyo, na chini yake ukungu umejaa mabonde. Ndege mbili zilinibeba juu ya bahari na majangwa na sikuona chochote ila bawa. Basi moja bovu lilinipa milima yangu yote kwa mara moja.

Kutoka Kisoro hadi Bunagana ni mwendo mfupi kwa boda. Bunagana iko mikononi mwa M23 tangu tarehe 13 Juni 2022. Julai 2025 Uganda iliamuru mpaka huo na ule wa Ishasha ufunguliwe tena, na malori yalikuwa yamepanga mstari mrefu. Wanawake walivuka na ndoo za mafuta kichwani, na wavulana walisukuma baiskeli zenye mikungu ya ndizi. Nikagongewa muhuri upande huu, nikatembea hatua chache, nikaulizwa upande ule ninakwenda kwa nani. Nilitaja jina la mama na la kijiji. Mwulizaji alikuwa kijana sana. Alinitazama, akatazama begi, akauliza kama Ubelgiji kuna kazi.

Motari, dereva wa pikipiki aliyenichukua, alinifungia begi nyuma kwa mpira wa gari na kuniambia nishike vizuri. Tulishuka hadi Rutshuru, tukageuka kusini, tukapita Rubare. Kuna nyumba zilizoezekwa upya kwa mabati yanayong'aa, na kuna zilizobaki kuta. Watoto walikuwa wanatoka shule. Mama alikuwa amesimama barabarani, kwenye njia panda ya Tongo, kwa sababu mdogo wangu alikuwa amemwambia nimevuka mpaka, na alikataa kabisa kungojea nyumbani.

Sitaeleza tulivyosalimiana. Presha yake ilikuwa juu, nikaipima tena jioni, ikawa imeshuka kidogo. Miwani ilimfaa. Aliuliza nimelipa kiasi gani, nilipomtajia akahesabu kwa magunia ya maharage na kusema ni mengi, lakini akakubali kuwa yale ya ndege ya moja kwa moja yangekuwa shamba zima.

Usiku ule mtoto wa kaka yangu alikuja na simu yake. Amepata diploma ya serikali na nafasi ya kusoma Brazil, na viza anaishughulikia. Alikuwa ameshatafuta tiketi mwenyewe kwa siku nyingi. Iliyokuwa rahisi kuliko zote ilipita Ulaya, vipande viwili, saa tisa za kungoja katikati, na alikuwa karibu kumwomba rafiki yake wa Kampala amlipie. Nikamwambia asilipe. Nikamweleza ile orodha ya nchi 12, na kwamba viza ya Brazil haimwondoi humo. Alinyamaza, akaniomba nirudie, akaandika kwenye daftari. Kisha tukatafuta pamoja njia ya Addis Ababa, maana Ethiopian inakwenda São Paulo na Waethiopia hawamdai Mkongo viza kwa kungojea ndege uwanjani kwao. Bei ilikuwa juu zaidi, kiasi cha kumfanya baba yake akohoe. Kijana akaitazama kwa muda mrefu.

"Shangazi, na hii ya Addis, ni tiketi moja ao mbili?"

"Moja. Kutoka Entebbe mpaka mwisho."

"Na ya kwanza ikichelewa?"

"Wao ndio watakutafutia nyingine."

"Basi ni hii," alisema. Akaniuliza valizi inaruhusiwa kilo ngapi, na baba yake akaanza kutaja nani katika ukoo anaweza kukopesha kiasi gani.